Arlys Tveit na Mkutano wa Umeme

Ukimwambia Arlys Tveit kwamba nje mvua inanyesha, atafungua dirisha kwanza, atoe mkono, auangalie, kisha aseme, "Mh, manyunyu tu." Ndivyo alivyo, na mimi nina hakika siku malaika atakapokuja kumchukua, atamwomba kitambulisho.

Huku Nordal, jimbo la Dakota Kusini, Marekani, tumeshamzoea. Mji wenyewe ni ghala la nafaka, shule, mgahawa wa Donna, na makanisa mawili ya Kilutheri ambayo waumini wake waligombana zamani juu ya jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka. Watu wa hapa si wasemaji. Mtu akionja chakula chako akasema "si kibaya," jua umemfurahisha kupita kiasi. Ila Arlys, Mungu alipokuwa anagawa maneno, alipita foleni mara mbili.

Na hakuna kilichosalimika kwenye mdomo ule. Wajukuu wake walimletea simu ya kisasa, akakaa nayo wiki, akaifungia kwenye droo ya soksi.

"Inasikiliza hiyo," alisema. "Jumatatu nimemwambia Delmar goti linaniuma, Jumanne simu inaniletea tangazo la dawa ya magoti. Nani kaiambia?"

"Labda na yenyewe goti linaiuma," akajibu Delmar, mume wake, bila kuinua macho kwenye sahani.

Jirani yao alinunua trekta jipya, kubwa kama nyumba, likagoma katikati ya mavuno mpaka lipate ruhusa ya kompyuta iliyoko jimbo lingine. Arlys alikwenda mpaka shambani kulitazama. Akalizunguka. Akasema, "Trekta la kuomba ruhusa! Hata ng'ombe wa baba yangu hawakuwa na nidhamu hiyo."

Minara ya kuzalisha umeme wa upepo ilipoanza kuota mashariki ya mji, akauliza, "Na upepo ukilala, tutapikia nini?" Wapenzi wa makaa ya mawe pale kwa Donna wakampigia makofi. Akawageukia papo hapo. "Nyie nanyi nyamazeni. Shemeji yangu aliyachimba hayo makaa yenu. Alikohoa miaka mpaka akafa, kampuni ikasema ni sigara. Marehemu hakuwahi kuvuta sigara hata moja!" Makofi yakaisha, watu wakarudi kwenye kahawa zao.

Siasa ndiyo usiseme. Nchi hii ina vyama vikubwa viwili, kimoja alama yake punda, kingine tembo, na Arlys havipendi vyote kwa usawa kabisa. "Punda anapiga teke, tembo anakanyaga, na nyasi ni mimi na wewe." Bei ya mafuta ikishuka, rais anajisifu, ikipanda, rais anasema ni soko la dunia. "Sasa huyu rais anafanya kazi siku zipi?" Lakini kura anapiga. Hajakosa uchaguzi tangu awe na umri wa kupiga kura, na hajaamini matokeo hata mara moja. Hata yule aliyemchagua yeye mwenyewe akishinda, Arlys hununa. "Kashindaje? Lazima kuna kitu."

Ukitaka kujua kwa nini yuko hivyo, muulize aliyesoma shule ya hapa, maana wote tumepanda basi lake. Aliendesha basi la shule zaidi ya miaka thelathini. Mwaka mmoja redio ilitangaza jua siku nzima. Yeye akaangalia rangi ya anga upande wa kaskazini, akageuza basi katikati ya barabara, akawaingiza watoto wote kwenye nyumba ya shamba la watu asiowajua vizuri. Robo saa baadaye theluji ilishuka, ukinyoosha mkono huuoni. Tangu siku ile, mtu wa redio kwake ni mwongo mpaka athibitishe.

Ila tusimpambe sana. Kuna majira ya baridi kile kidude cha kuonya hewa ya sumu ndani ya nyumba kilianza kulia, akakiita kizushi, akakitoa betri. Siku tatu Delmar anaumwa kichwa, anaambiwa anywe maji. Fundi alipokuja kwa shughuli nyingine kabisa akakuta ndege wamejenga kiota kwenye bomba la moshi, hewa ya sumu yote inarudi ndani, na mume na mke walikuwa karibu kulala moja kwa moja. Nilidhani somo hilo litamlainisha. Wapi! Alisema, "Kidude kilisema kweli, sawa. Lakini kilikuwa kinalia hivyohivyo hata siku ninazokaanga nyama. Mwongo akisema kweli mara moja, nitamjuaje?"

Kitu kimoja tu duniani Arlys alikiamini: mkutano mkuu wa ushirika wa umeme.

Umeme wetu si wa kampuni. Zamani makampuni ya mjini yalisema haina faida kuvuta nyaya kwa wakulima wachache waliotawanyika hivi, basi wakulima wakachanga, wakachimba mashimo ya nguzo wenyewe. Baba yake Arlys, mzee Selmer, alichimba. Kwa hiyo kila nyumba yenye taa ni mwanachama, kila nyumba ina kura moja, na kila mwaka mwezi wa nne tunakutana kwenye ukumbi wa michezo wa shule kuchagua bodi na kuuliza maswali. Unainua mkono, jirani yako anauona. LaVonne, katibu, anapita na kalamu akihesabu kwa sauti. Hakuna mashine, hakuna televisheni ya kukuambia nani kashinda kabla hujafika nyumbani. Arlys alianza kwenda akiwa amebebwa mgongoni. "Pale," alikuwa akisema, "sihitaji kuamini. Naona."

Shida ni kwamba wengine walikuwa wameacha kwenda. Mwaka hadi mwaka viti vilizidi kuwa vitupu, chakula kikawa mikate baridi iliyofungwa kwenye plastiki, na waliohudhuria nusu yao walilala. Ndipo mwenyekiti mpya wa bodi, Curtis Haugen, alipoleta hoja yake: katiba ibadilishwe, mkutano ufutwe, kura zote zipigwe kwa simu na kompyuta.

Curtis si mtu mbaya. Ana miaka hamsini hivi, mnene kidogo, mwema, na alipokuwa darasa la pili alitapika kwenye basi la Arlys kila Ijumaa. Kwa hiyo Arlys alipokwenda ofisini kwake hakwenda kama raia mbele ya mwenyekiti.

"Curtis, mwanangu, umepatwa na nini?"

"Bi Tveit, tafadhali, kaa kwanza."

"Sikai. Unataka kura yangu ipite kwenye simu? Simu hiyohiyo iliyomtangazia mama yako kwamba ameshinda meli, kumbe matapeli?"

"Watu hawaji, Bi Tveit. Mwaka jana walikuja sitini. Sitini! Wanachama tuko elfu moja na zaidi. Hiyo nayo ni demokrasia?"

"Kama hawaji, waite."

"Nitawaita," Curtis akasema, naye kidogo amekasirika. "Katiba inataka wanachama mia na hamsini ukumbini ndiyo ibadilishwe. Nitawaita wote waje, tuibadilishe, tumalize."

Arlys alitoka pale bila kuaga. Alifika nyumbani akakaa jikoni bila kuvua koti, na kahawa aliyowekewa na Delmar akaiacha ikapoa. Delmar akajua mambo ni makubwa.

Dawa ya tatizo ilitoka kwa Norbert Kallas. Norbert alikuwa wakala wa bima miaka yote, ni mtu wa kusoma yale maandishi madogo chini ya ukurasa, na anapenda kunong'ona hata pasipo haja. Alimvuta Arlys pembeni pale kwa Donna.

"Mia na hamsini," akanong'ona. "Umesikia? Hiyo ndiyo akidi. Wakipungua, hata akipungua mmoja, hakuna kura. Hoja inakufa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sisi tunaoupenda mkutano, tusiende mkutanoni."

Arlys alimtazama kama vile hajamsikia vizuri. "Yaani tuuokoe kwa kuukimbia?"

"Mwaka jana walikuja sitini. Sisi tukikaa nyumbani, Curtis ataipata wapi mia na hamsini? Hesabu ndogo hiyo, Arlys. Tunakunywa kahawa, tunashinda."

Hakupenda. Nasema kweli, uso wake wote ulikataa. Lakini aliuona ule ukumbi umefungwa kufuli, akaona miaka inayokuja yuko peke yake jikoni anabonyeza vitufe, asijue kura yake imekwenda kwa nani. Akasema, "Haya." Akawapigia wenzake wote kwa simu yake ya mezani: msije.

Curtis naye hakulala. Alipiga simu mpaka sauti ikamkauka. Alinunua friza kubwa jeupe la kuchezeshewa bahati nasibu kwa watakaohudhuria, akaliweka mbele ya mgahawa wa Donna na utepe mwekundu, na watu wakawa wanalipapasa wakipita. Kisha akafanya jambo la akili kuliko yote: akafuta ile mikate ya plastiki, akarudisha desturi ya zamani ya kila nyumba kuja na chakula chake. Loo! Nordal iliamka. Wanawake ambao hawajaongea tangu Krismasi walianza kupigiana simu, nani analeta nyama ya nguruwe, nani analeta viazi vya kuoka na jibini juu, na nani aambiwe kwa upole asilete ile saladi yake. Yaani kwa ajili ya kuufuta mkutano, Curtis alikuwa anauandaa kuliko mwenyekiti yeyote aliyemtangulia, na mwenyewe hajui.

Siku ikafika. Jioni, jua bado lipo, upepo wetu wa mwezi wa nne unasukuma matope. Kundi la Norbert, nyumba kama kumi hivi, walijificha kwa Donna ng'ambo ya barabara, wamekula njama na wameagiza supu. Arlys hakuweza kukaa nao. Alimwambia Delmar aegeshe pikapu pembeni ya uwanja wa shule, wanakoweza kuona mlango.

"Nataka kuona nani anaingia," alisema.

"Na mimi nataka kula," alisema Delmar.

"Utakula nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

"Delmar, nyumba yetu ina kura moja. Ukikanyaga pale mlangoni LaVonne atakuandika, na ukiandikwa wewe nimeandikwa mimi. Tulia."

Delmar akatulia. Ana kifaa cha sikioni cha kumsaidia kusikia, akikizima hupata amani, akakizima.

Watu walikuwa wengi mpaka milango ya ukumbi imeachwa wazi kwa joto. Curtis alikuwa amewasha ule ubao wa taa wa mpira wa kikapu ukutani. Upande wa wageni aliandika mia na hamsini, akidi inayotakiwa. Upande wa wenyeji aliweka hesabu ya walioingia, na kila nyumba moja ikiandikwa, taa zinabadilika, ukumbi mzima unapiga kelele kama timu yetu imefunga. Mia na ishirini. Kelele. Mia na thelathini na nne. Kelele. Harufu ya nyama ya kuoka ilivuka uwanja, ikaingia kwenye pikapu bila kuomba ruhusa.

Arlys alitazama. Aliwaona wazee wa makanisa yote mawili kwenye benchi moja. Aliwaona watoto wakikimbizana chini ya meza kama alivyokimbizana yeye. Alimwona mtu aliyemdhani amekufa. Kicheko kilikuwa kinatoka mle ndani kwa mafungu, na yeye, ambaye hakukosa mkutano hata ule mwaka aliovunjika mguu, yuko nje kwenye matope amefunga mkanda wa gari. Alitamani kulia, na ikamuudhi kwamba anatamani kulia.

Ubao ukasema mia na arobaini na tisa. Ukasimama hapo.

Dakika zikapita. Curtis alitoka mlangoni, akachungulia barabara kushoto na kulia, mikono kiunoni, akarudi ndani.

"Hakuna wengine," Arlys akasema polepole. "Norbert ameshinda."

Hapo Delmar akawasha kifaa chake. Ile sauti ndogo ya kuwaka Arlys anaijua. Ikilia, ujue mume wake ana neno.

"Mama," akasema, maana wazee wa hapa huwaita wake zao hivyo, "unawakumbuka wale waheshimiwa waliotoroka bunge la jimbo lao, wakaenda kujificha hoteli ya jimbo jingine ili akidi isitimie?"

"Nawakumbuka."

"Uliwaitaje?"

Arlys akajifanya anafuta kioo cha gari.

"Uliwaita kuku," Delmar akamkumbusha. "Ulisimama mbele ya televisheni na mwiko, ukasema mtu anayeogopa kuhesabiwa hana haki ya kuhesabu wenzake. Ulisema vizuri sana."

"Delmar, wale ni wanasiasa."

"Ndiyo. Na hoteli yao ilikuwa na chakula."

Arlys aliutazama ule ubao mara ya mwisho. Kisha akafungua mkanda. Akafungua mlango, akashuka kwenye matope na viatu vya kanisani, akaanza kutembea. Ng'ambo ya barabara mlango wa Donna ulifunguka kwa kishindo, Norbert akatoka na kitambaa cha supu bado kimening'inia shingoni.

"Arlys! We Arlys! Unakwenda wapi?"

"Mkutanoni!"

"Ukiingia umetuuza! Umeniua kabisa!"

"Basi njoo unizike humo ndani," Arlys akajibu bila kugeuka, "maana mimi naingia!"

LaVonne alikuwa mezani mlangoni na orodha yake. Alipomwona Arlys alishika kalamu lakini hakuandika. Wale ni marafiki tangu wasichana. "Unajua wewe ni wa ngapi?" akamuuliza chinichini.

"Najua. Andika."

Ubao ukabadilika. Mia na hamsini. Sijawahi kusikia kelele zile hata tulipochukua ubingwa wa wilaya. Watu walirusha kofia. Curtis alikuja mbio kumshika mkono Arlys, macho yamemlegea. "Bi Tveit, asante. Asante sana, mama."

"Usinishukuru. Nimekuja kukukataa."

Delmar alimpita pembeni, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya nyama.

Nyuma yao wakaingia akina Norbert, wanahema, wamenuna, wengine na vijiko mikononi. Maana akidi ikishatimia, kukaa nje hakuna maana tena. LaVonne akawaandika wote. Curtis akagonga meza, akasoma hoja yake kwa sauti iliyokauka, akauliza nani anataka kusema. Vichwa vyote vikageuka upande mmoja.

Arlys alisimama. Mimi nilitarajia radi. Badala yake alisema taratibu:

"Nimekaa nje kwenye gari jioni yote najificha, ili nyie msipige kura. Nimeona haya, nimeingia. Curtis, umewaita watu hawa wiki nzima waje, ili wasije tena. Hebu tazama ulichokipata, mwanangu, kabla hujakitupa. Mimi siwaamini waliotengeneza simu, siwaamini wa upepo wala wa makaa, na huko Washington hata wakiniambia leo ni Jumanne nitaangalia kalenda. Nawaamini nyie kwa sababu nawaona. Ni hilo tu."

Akakaa. Wengine waliguna kukubali. Ndipo nyuma kabisa akasimama mwanamke kijana, Tessa Brandvold, aliyeolewa hapa kutoka mbali, mtoto mmoja kiunoni na wawili wameshika sketi yake.

"Bi Tveit, samahani," alisema. "Mume wangu anaendesha lori, yuko barabarani wiki tatu kila mwezi. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya jioni. Miaka sita tuna taa ya ushirika na hatujapiga kura hata mara moja. Leo nimebadilishana zamu na mtu, na nitailipa Jumapili. Nyie mnaonana. Sisi hamtuoni."

Arlys alimtazama yule binti, akawatazama na wale watoto mmoja mmoja, kama anayewahesabu kwenye basi.

"Tupige kura," akasema mwishowe.

Mikono ikainuka. LaVonne na wasaidizi wake wawili wakapita safu kwa safu wakihesabu kwa sauti, na Arlys, midomo inacheza, alihesabu naye, kila mkono, kila uso. Waliokubali themanini na nane. Waliokataa sabini na watatu. Hoja ikapita. Mkutano mkuu wa ushirika, tangu enzi za mzee Selmer na sururu yake, ukawa umefutwa.

Hakuna aliyeshangilia. Walioshinda waliangalia viatu vyao. Norbert alimwinamia Arlys, amewaka masikio. "Dai zihesabiwe upya! Kila mwaka unadai. Tofauti ni ndogo, dai!"

Ni kweli, kila mwaka alidai, hata uchaguzi wa mweka hazina aliyekuwa mgombea peke yake. Curtis alikuwa tayari amesimama anasubiri, karatasi mkononi. "Bi Tveit? Tuhesabu tena?"

Arlys alisimama, akavuta koti lake likae sawa.

"Hakuna haja," alisema. "Nimeiona. Ni kweli."

Neno hilo, jamani, hatujawahi kulisikia kinywani mwake. Delmar alishusha uma. LaVonne alifuta macho kwa ile orodha, wino ukamchafua shavu. Uchaguzi wa kwanza ambao Arlys Tveit ameuamini bila kuhesabiwa mara mbili, ni ule aliokuja kushindwa.

Curtis akagonga meza kufunga. Watu wangeweza kuondoka. Lakini friza lilikuwa halijachezeshwa, na pai zilikuwa hazijaguswa, kwa hiyo viti vikavutwa, kahawa ikamiminwa, na baada ya muda kelele zikarudi kama zilivyokuwa. Friza alilipata mtu mwenye mafriza matatu nyumbani. Arlys alikuwa kwenye sinki la jikoni la shule anakunja mikono ya blauzi ili aoshe sahani, yeye na huzuni yake, alipohisi mtu ubavuni. Ni Tessa, na mtoto bado kiunoni.

"Nipe nikaushe," Tessa akasema. Akakausha sahani mbili kimyakimya. Ya tatu akauliza, "Mwakani nilete nini? Leo nimekuja mikono mitupu, nimeona aibu."

Curtis, aliyekuwa anapita na mabenchi, akasimama. "Mwakani? Hakuna mwakani. Tumeufuta sasa hivi. Wewe mwenyewe umeinua mkono!"

Wanawake wote wa jikoni wakamgeukia, wakamtazama kama mtoto aliyejisaidia kitandani.

"Tumefuta kura, Curtis," LaVonne akasema polepole ili aelewe. "Nani kafuta chakula?"

"Mimi nitaleta viazi," akasema mmoja.

"Viazi nilishaviwahi mimi," akasema mwingine.

Arlys alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki, povu likamruka mpaka kwenye miwani, na Tessa akaanza naye, na mtoto kiunoni akaitikia bila kujua kinachochekwa. "Lete pai," akamwambia yule binti alipopata pumzi. "Na hiyo zamu ya Jumapili, nitakuja kukaa na watoto mimi. Nimelea wa mji mzima kwenye basi, watatu watanishinda?"

Curtis wa watu aliweka mabenchi chini. Alionekana mtu ambaye amejenga ukuta, kisha amekuta watu wote wako upande wa pili wanakula. "Lakini sielewi," akasema. "Mtakuwa mnakutana hapa kila mwaka, watu wote hawa, bila ajenda, bila kura. Mtakuwa mnafanya nini?"

Arlys alifuta miwani kwa aproni, akaivaa, akamtazama vizuri kutoka juu hadi chini.

"Kukusema wewe," akamjibu. Kisha akamkabidhi kitambaa, akamwonyesha rundo la sahani.